Nimemtoa mtoto chekechea, sasa kila asubuhi ni kilio

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kitangiri hapa Mwanza. Ni fundi cherehani, nashonea nyumbani, barazani. Mume wangu anafanya kazi mgodini Geita na hurudi kila baada ya wiki kadhaa. Mama mkwe alikuja kutoka Magu mwaka jana, tunaishi naye, na kwa kweli ananisaidia sana kumshika huyu mdogo ambaye ndiyo kwanza anatambaa.

Tatizo langu ni binti yetu mkubwa. Ana miaka mitatu na miezi minane. Mwezi wa kwanza tulimpeleka kituo kimoja cha chekechea huku mtaani. Chumba kimoja, watoto wamejaa, walimu wawili, na mmoja wao muda mwingi yuko kwenye sufuria ya uji. Nikavumilia. Lakini akaanza kurudi na kazi za nyumbani: ukurasa mzima wa a, ukurasa mwingine 1 mpaka 20. Mtoto wa miaka mitatu! Usiku ikawa namshika mkono tunaandika wote ili kesho yake asichapwe. Halafu siku moja namwogesha, naona vidole vya mkono wa kushoto vimevimba. Huyu mtoto ni wa kushoto tangu alipoanza kushika kijiko. Akaniambia, "Ticha kanichapa mkono mbaya." Nikaenda kuuliza, naambiwa wanamsaidia azoee mkono unaotakiwa. Nilimtoa siku hiyohiyo. Ada ya muhula mpaka leo haijarudi.

Basi nikaamua nimfundishe mwenyewe. Si mwalimu, niliishia kidato cha nne, ila nikajiambia kusoma na kuandika najua. Nikanunua ubao mdogo, chati ya herufi, madaftari manne na penseli. Nikapanga ratiba nikaibandika ukutani: saa mbili kuandika, saa tatu hesabu, mapumziko kidogo, kisha Kiingereza mpaka saa sita. Siku za mwanzo alifurahi. Sasa hivi akiona ubao tu anakimbilia kwa bibi yake. Mbili anaiandika imegeuka, tano nayo imegeuka. Kuhesabu kwa mdomo anafika ishirini bila kukosea, ila kuandika hataki kabisa. Mteja akija naacha somo, nikirudi ameshachora kuta. Asubuhi zetu zimekuwa za kulia, yeye upande wake na mimi upande wangu.

Mama mkwe anasema namchosha mtoto bure, na papo hapo anasema ule mkono wa kushoto niufunge kitambaa mpaka auache. Mume wangu kila akipiga simu swali ni lilelile: "Ameshajua kuandika jina lake?" Jirani yangu mwanawe anasoma shule ya mchepuo wa Kiingereza, anaimba siku za wiki kwa Kiingereza pale getini, nami roho inaniuma. Nimeanza kumwekea wangu katuni za Kiingereza kwenye simu, angalau anatulia nipate kushona.

Naomba unisaidie, nianzie wapi? Sheria inaniruhusu kukaa naye nyumbani? Je, wenzake hawatamwacha mbali? Na marafiki atawapata wapi?

Mama wa Kitangiri


Marahaba mwanangu. Pole kwa hivyo vidole.

Ing'oe hiyo ratiba leo. Ubao usiutupe, ila uushushe uuegemeze chini mahali anapoufikia, umwachie na chaki, achore akitaka, asipotaka basi. Madaftari yafungie kabatini. Nimefundisha madarasa ya awali mpaka nikastaafu, na nakwambia bila kupepesa macho: umemtoa mtoto kwenye kile kituo, kisha ukakijenga upya sebuleni kwako, na safari hii hana hata wenzake wa kucheza nao wakati wa uji. Kukaa na penseli kutoka saa mbili hadi saa sita kungemshinda hata mtoto wa darasa la tatu. Wa umri wake hukaa dakika chache tu kwenye jambo ulilompangia wewe. Lile alilolichagua mwenyewe, hilo anaweza kulikalia mpaka umwite mara tatu kuja kula.

Sheria tuimalize mapema, maana inakunyima usingizi bure. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeweka mwaka mmoja wa elimu ya awali, kisha darasa la kwanza mtoto akiwa na miaka sita. Kwa hiyo zamu ya binti yako kuingia awali ni akiwa na miaka mitano. Sasa hivi hakuna anayekudai mtoto shuleni. Unao mwaka na ushee wa kumwandaa aingie awali akiwa anaongea, anauliza, anajivalisha mwenyewe na haogopi mtu mwenye chaki. Mtaala wa shule waachie shule.

Na hiyo kazi unaweza kuifanya palepale barazani. Nilipofika kwenye neno "fundi cherehani" katika barua yako nilicheka peke yangu, kwa sababu kuna walimu wa awali wanaohangaika kuokota visoda na vijiti vya kuhesabia, na wewe umekalia kopo la vifungo.

Chukua hilo kopo kesho, mtandikie mkeka, kaa naye kabla hujawasha cherehani. Mwambie, "Nipe vifungo vitatu." Usimwambie ahesabu, mwambie akupe. Usishangae akikujazia kiganja. Watoto wengi wanaofika ishirini kwa mdomo wanaimba tu, kama wanavyoimba wimbo wa kanisani bila kujua maana yake. Tatu kama idadi bado hajaishika. Basi anza na viwili. Akiviweza, vitatu. Ukimwona ameshika nne bila kubahatisha, amepiga hatua kubwa kuliko kuandika 1 mpaka 20 kurasa kumi. Siku nyingine avitenge: vyeusi huku, vyeupe kule. Kisha vyenye matundu mawili na vyenye matundu manne. Kisha panga wewe cheusi, cheupe, cheusi, cheupe, umwulize kinachofuata. Hapo umeshafundisha hesabu na hujaandika namba hata moja.

Ila huyu anayetambaa kila kitu kinaishia mdomoni. Kopo liwe na mfuniko unaokaza, mchezo ufanyike mdogo akiwa mgongoni kwa bibi au amelala, na vifungo virudi vyote. Pini, sindano na pasi unajua mwenyewe.

Futi yako nayo ina sentimita upande mmoja na inchi upande wa pili, na imejaa namba zilizopangwa kwa mfuatano. Mpe ile iliyochakaa. Ampime bibi, apime kigoda, apime paka kama paka atakubali. Asome namba anazozijua, asizozijua mtajie. Nani mrefu, nani mfupi, kipi kirefu zaidi. Vipande vya kitenge vinavyobaki vimtoshe kujifunza rangi, pembe, mistari, maua makubwa na madogo. Mkipata mkasi mdogo wa watoto usio na ncha, akate mabaki. Kuna mikasi inayotengenezwa kwa ajili ya watu wa kushoto. Ukiukuta dukani ununue, maana ule wa kawaida humtafuna kitambaa mtu wa kushoto halafu watu wakasema hajui kukata.

Kuna daktari Mtaliano, Maria Montessori, aliyefungua nyumba ya watoto wadogo huko Roma mwaka 1907, kwenye mtaa wa watu maskini. Shule nyingi leo zimejibandika jina lake getini ili zipandishe ada. Lakini vifaa vyake vingine ni vitu ambavyo wewe unaweza kuvishona mchana mmoja: fremu ya mbao yenye vipande viwili vya kitambaa vinavyokutana katikati, moja ina vifungo vikubwa, nyingine zipu, nyingine kamba za kufunga. Mtoto anafunga na kufungua mpaka vidole vinazoea. Mwombe fundi seremala akukatie fremu tatu, vitambaa na vifungo unavyo. Siku ya kwanza ya awali atakuwa anajifunga sare mwenyewe wakati wenzake wamepanga mstari kwa mwalimu.

Hivyo vidole ndivyo vitakavyoandika. Mtoto asiyeweza kukamua kitambaa cha kuoshea vyombo hana bado nguvu ya kuendesha penseli, na kumlazimisha ni kumfundisha kuichukia. Mpe akamue nguo ndogo unapofua. Mpe donge la unga akande siku ya chapati. Mpe dagaa achambue nawe kwenye ungo: mchanga huku, vijiwe huku, na wale furu wadogo wanaochanganyika na dagaa awaweke pembeni, maana wana umbo lao. Utaona anavyovikunja vidole viwili na gumba kuokota kijiwe kimoja. Mshiko huohuo ndio wa penseli.

Kwenye kuchora, mwache aende kwa hatua zake. Karibu na miaka mitatu mtoto huweza kuchora duara. Akikaribia minne anakatisha mistari miwili ikawa msalaba. Pembe nne hufuata, pembe tatu huja karibu na mitano. Sasa herufi nyingi zimejengwa na mistari hiyohiyo ya kukatishana na kona, ndiyo maana ukurasa mzima wa herufi kwa mtoto wa mitatu na nusu ni mateso yasiyo na faida. Mbili kugeuka ni kawaida kabisa, wapo wanaogeuza mpaka darasa la kwanza na la pili, na huacha wenyewe. Usimfutie mbele ya macho yake.

Mkono wa kushoto usiuguse. Karibu mtu mmoja kati ya kumi duniani ni wa kushoto, na hilo limo katika ubongo wake, hakujifunza kwa mtu. Kumfunga kitambaa hakutamfanya wa kulia, kutamfanya mtoto mwenye mkono mmoja unaojua kazi na umefungwa. Najua hoja ya mama mkwe ina mzizi wake: kwetu mtu hupokea na kula kwa mkono wa kulia, na mtoto akitoa kushoto mbele za watu mama ndiye anayesemwa. Hapo muwe na makubaliano. Kusalimia, kupokea na kula kwa mkono wa kulia afundishwe taratibu kama heshima, bila fimbo. Penseli, mkasi, kijiti cha kuchorea na mpira aushike anapotaka. Akiandika, karatasi ilazwe kidogo upande ule usiouzoea wewe, kona ya juu ya kushoto ikae juu zaidi, ili mkono wake usifunike anachokiandika. Atakapoanza awali mwambie mwalimu wake siku ya kwanza, kabla hajakutana na mwenye mawazo ya kituo kile.

Na kuhusu kituo: vituo vya kulelea watoto wadogo mchana husajiliwa na Ustawi wa Jamii chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Nenda kwa afisa ustawi wa jamii, pitia ofisi ya kata akuelekeze, ueleze ulichokiona. Au piga 116, ni namba ya huduma kwa mtoto, haina malipo. Hata shuleni kwenyewe, kanuni za viboko za mwaka 2002 zinampa ruhusa mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Kumchapa vidole mtoto wa miaka mitatu kwa mkono aliozaliwa nao sijakuona kokote katika kanuni hizo. Ada yako labda imekwenda, lakini kuna watoto wengine mle ndani.

Tuje kwenye kusoma, ambako wazazi wengi huanza na chati. Mtoto husoma kwa masikio kabla ya macho. Kiswahili kimetupunguzia kazi, kwa sababu tunaandika tunavyotamka, na maneno yetu hukatika vizuri. Pigeni makofi: sa-ma-ki. Ma-ma. Da-ga-a, makofi matatu, na uone wageni wako wangapi watapiga mawili. Wateja wakisubiri nguo wataingia kwenye mchezo wenyewe. Akishazoea kukata, tafuteni sauti ya mwanzo: "Natafuta kitu kinachoanza na sss." Sato. Sangara. Sindano. Sufuria. Mwambie sauti ya herufi, usimwambie "esi" wala "emu", maana mtoto aliyekaririshwa "emu" na "a" hana njia ya kufika kwenye ma. Herufi za kwanza ziwe zile za jina lake, na a, e, i, o, u zimfuate pale anapoziona, kwenye gunia la sukari, kwenye ubavu wa daladala, kwenye kanga ya bibi. Ba, be, bi, bo, bu atavikuta awali na havitamsumbua.

Halafu ongea naye. Ushauri huu unaonekana mwepesi na ndio unaopuuzwa kuliko yote. Unapokata kitambaa mweleze unachokifanya: "Hapa naacha nafasi ya mshono, nisipoacha gauni litambana mama huyu." Akiuliza kwa nini, jibu. Akiuliza mara ya tano, jibu tena au mrudishie swali. Mteja akifika, binti asalimie, alete kigoda, aseme, "Mama anakuja, subiri kidogo." Mtoto anayeweza kumpokea mgeni, akakumbuka ujumbe na kuufikisha kwako ndani kama ulivyo, huyo mwalimu wa awali atamkimbilia.

Na mama mkwe wako ni hazina uliyoiacha ikae kulaumu tu. Mkabidhi jioni. Hadithi na vitendawili ni vyake: kitendawili, tega, nyumba yangu haina mlango. Azungumze naye Kisukuma kitupu, usiogope kwamba utamchanganya mtoto. Watoto wa umri huu hubeba lugha mbili na tatu bila kutoka jasho, na aliye na lugha moja iliyokomaa hujifunza nyingine kwa wepesi zaidi. Halafu utaona ajabu nyingine: bibi akishakuwa na nafasi yake katika mafunzo, ile habari ya kitambaa cha mkono itapungua yenyewe.

Kiingereza usikikimbilie. Yule wa jirani anayeimba siku za wiki getini, mwulize jana ilikuwa siku gani. Kama wewe unajua Kiingereza kidogo, mfundishe salamu na majina ya vitu mnavyovishika, mpite. Katuni zisiwe mwalimu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilisema mtoto wa miaka mitatu na minne asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na kwamba ikipungua ni bora zaidi. Mwongozo huohuo unataka apate angalau saa tatu za kuchezesha mwili kwa siku, na usingizi wa saa kumi hadi kumi na tatu. Simu ukimpa, mpe wakati ule una nguo ya harusi ya kumaliza, kisha muulize aliona nini. Sikuhukumu kwa hilo, cherehani ndiyo inayolisha nyumba.

Mpeleke nje. Kitangiri imejaa mawe na mawe yamejaa mijusi: dume ana kichwa na shingo ya waridi na mwili wa buluu, jike wa kahawia tu, unamkosa mpaka asogee. Mkae kimya mkahesabu madume mangapi yako kwenye jiwe moja. Muulize kwa nini yanatingisha kichwa, umwache akupe sababu zake. Usiku, kama mnaona ziwa kutoka kwenu, tazameni taa za wavuvi wa dagaa. Zinakuwa nyingi siku za giza, mwezi ukikua zinapungua, maana mwanga wa mbalamwezi hushindana na taa na dagaa hawakusanyiki. Mtoto anayeangalia hivyo kwa mwezi mmoja amejifunza kalenda bila chati. Siku ya kwenda soko la samaki la Mwaloni akakuta samaki wamepangwa, akutajie anayemjua. Lakini asiingie majini, hata kifundoni. Ziwa letu lina kichocho, na vile vikonokono vinavyokibeba vinapenda palepale penye maji tulivu na majani ambapo watoto huona pazuri pa kuchezea. Ukiacha kichocho, mtoto wa miaka mitatu huzama kwenye maji yanayokufika gotini, na hapigi kelele.

Marafiki si kazi kubwa. Tafuta akina mama wawili watatu wenye watoto wa rika lake, mpokezane asubuhi mbili kwa wiki, wajipikilishe, wagombane, wapatane. Shule ya Jumapili au madrasa, mnavyoabudu, nayo inasaidia. Tahadhari moja tu: ukianza kupokea watoto wa watu kila siku kwa malipo, hicho tayari ni kituo na kinahitaji usajili. Nakujua, utashawishika, na majirani watakusukuma. Na siku unayokwenda mjini kununua nyuzi, pitia naye Maktaba ya Mkoa, apekue vitabu vya picha. Muda wenu wa kukaa pamoja rasmi, kama unautaka, uwe dakika kumi na tano au ishirini asubuhi kabla ya wateja na nyingine jioni. Siku mteja akiula huo muda, basi umeliwa, mtafanya kesho.

Mumeo si mtu mbaya, yuko mbali na anataka kitu cha kushika. Kwa hiyo mpe kitu. Akipiga simu, umweke binti aongee, na umwambie baba aulize maswali mengine: leo umemwona mjusi wa rangi gani, umempima nani, nitegee kitendawili. Mtumie picha ya alichochora, hata kama ni duara lenye miguu. Akitaka hoja nzito, mwambie serikali yenyewe ilizindua mwaka 2021 Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, na humo ujifunzaji wa awali umewekwa sambamba na afya, lishe, malezi yenye mwitikio na ulinzi wa mtoto. Jina ataliandika. Siku hizi mwandikie wewe kwa herufi kubwa kwenye kipande cha kitambaa, ulidarizi kwa uzi mnene, uliweke kwenye mfuko wake. Apitishe kidole juu yake. Mwenyewe ataomba penseli, na wapo wanaoomba wakiwa na minne na wapo wanaoomba wakiwa na mitano.

Kitu kimoja sitaki ukipuuze. Ukiona haitiki akiitwa kwa nyuma, au maneno yake hayaeleweki na mtu wa nje ya nyumba, au anasogeza kila kitu karibu na macho, usimsubirishe hadi awali. Mpeleke kituo cha afya apimwe masikio na macho.

Kuhusu uandikishaji, shule za msingi za serikali huandikisha awali na darasa la kwanza miezi ya mwisho ya mwaka kwa ajili ya Januari. Ada hakuna, ila kuna sare, madaftari na mara nyingi mchango wa uji mnaokubaliana wazazi. Tembelea shule mbili tatu za jirani mapema, masomo yakiendelea, uchungulie darasa la awali: watoto wako chini wanashika vitu, au wamekaa kimya wananakili ubaoni? Watakuomba cheti cha kuzaliwa. Kama binti hana, walio chini ya miaka mitano huandikishwa bila malipo kupitia vituo vya afya na ofisi za kata. Mchukue na mdogo wake mkamalizane nalo siku moja.